Kisanduku cha Jina la Mkwe

Mimi ndiye niliyeivuruga kompyuta ya karakana pale Masasi, na sikuivuruga kwa kuimwagia chai kama mafundi walivyokuwa wakitabiri. Niliivuruga kwa mdomo. Niliulizwa maswali, nikajibu kwa kiburi, na majibu yangu yakaingizwa ndani ya mashine kama nilivyoyatoa, bila kupunguzwa chumvi. Kwa sababu hiyo mashine ya salfa ya mkwe wangu ikapotea wakati mikorosho yake inatoa maua, na mtu aliyekalia kiti cha kuitafuta alikuwa mimi.

Nianze na hicho kiti, maana bila kiti nisingekuwa na la kusimulia.

Zamani salfa tulikuwa tunaletewa na ushirika. Ikichelewa, na ilikuwa inachelewa, tulikaa tukiitazama mikorosho ikishikwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajawa korosho. Ukimkuta mkulima amekaa kimya mwezi wa saba, usimuulize habari za shamba. Halafu soko likafunguliwa, wakaja watu wa mikoa mingine na mali zao, na mmoja wao, mtu wa kaskazini mwenye sauti ndogo na mfuko mkubwa, akafungua karakana ya kutengeneza mashine. Mashine za kusaga, pampu za maji, na zaidi ya yote zile mashine za kubeba mgongoni za kupulizia salfa. Msimu ukianza, ua wa karakana ulijaa kama siku ya gulio.

Mimi nilikuwa mlangoni pake nauza chai na ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Kwetu ni Newala, huko juu, ambako mgeni huulizwa kwanza kama anataka kunywa au kunawa, kwa sababu maji ya kufanya yote mawili hayapo. Nilishuka Masasi kumfuata binti yangu. Kwa desturi yetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, lakini huyu aliyemwoa binti yangu alikuwa na mikorosho yake Chiwata, na mikorosho haihamishiki. Basi akahama binti, na miye nikahama nyuma yake, nikapanga chumba mjini ili nisiwe mzigo wa mtu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema. Ukweli nilitaka kuwa karibu na mjukuu wangu, na wakati huo alikuwa mmoja tu, na hapakuwa na mtoto mwenye akili kama yeye kutoka Lulindi mpaka ukingo wa Ruvuma. Mpaka leo hapajatokea.

Msichana wa mapokezi pale karakana aliolewa akaondoka ghafla. Tajiri akatoka mlangoni, akatazama huku, akatazama kule, akaniona na birika langu. Alijua kwamba wateja wake wote nawafahamu, kwa kuwa wote wamekunywa chai yangu na wengine hawajarudisha vikombe. Akaniambia nikae pale kaunta kwa muda. Huo muda niliota nao mvi.

Shule yangu ni darasa la nne, kwa wamisheni. Kusoma najua na kuandika najua, ila si kwa haraka. Kompyuta nilifundishwa na tajiri mwenyewe, nikawa naibonyeza kwa kidole kimoja, kile cha kuonjea mboga. Haikuwa kazi ngumu. Mteja akileta mashine, unaandika nani kaileta, anatoka wapi, na mashine inaumwa nini. Fundi akiitibu, unaandika imepona. Mteja akirudi, unaitafuta. Na ile programu ya kwanza ilikuwa na adabu, ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kutafutia. Ukiandika neno lolote, hata nusu ya neno, ilichakura kila mahali kama kuku na kukuletea vyote vinavyofanana. Miye nikadhani ni ujanja wangu. Watu wakanisifu kwamba bibi anajua kompyuta, nami sikuwakatalia.

Tabia yangu ilikuwa moja: sikuwaandika watu kwa majina ya kwenye kadi. Nani anajua majina ya kwenye kadi? Huku mtu ni Mama wa fulani, Baba wa fulani. Na nikimsahau mtoto wa mtu, niliandika ninachokijua. Kwa hiyo ndani ya kompyuta ya karakana kulikuwa na mteja anayeitwa Mzee wa Chiwata Asiyepunguza Bei, na mwingine Yule Mwalimu Mgeni Mwenye Kikohozi. Ile programu ya zamani iliwapata wote.

Sasa siku moja, mwanzoni mwa msimu, akaja mkwe wangu na mashine yake. Ilikuwa inawaka halafu inazima, kama mtu anayetaka kusema jambo na kuona haya.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai pamoja wakaangaliana. Hawashikani mikono, hawalishani, na jina lake sijalitamka tangu siku ya posa. Si ugomvi. Ni heshima, na heshima hiyo huwa kali zaidi pale ambapo mkwe ni mwema, na huyu alikuwa mwema. Alisimama nje, mbali, akaitua mashine barazani, akachuchumaa na uso ukitazama barabarani. Miye nikajifunika kanga nikageukia ukuta. Fundi mmoja akawa anakwenda na kurudi kati yetu kama mjumbe wa kata. Fundi huyu alikuwa mtani wangu, na mtani hana anachokiheshimu.

“Bibi, mteja anakusalimu shikamoo.”

“Mwambie marahaba, na mwambie mtoto asichelewe shule.”

Akapeleka, akarudi. Mteja anauliza kama atapewa kikaratasi chenye nambari. Hapo ndipo kiburi kilipoanza kunipanda. Nikasema karatasi ya nini, mashine inaletwa na mtu wa nyumbani kwangu? Mwambie karatasi ni mimi.

Nikageukia kompyuta. Kisanduku cha jina kinaningoja, na jina lake siwezi kulitamka. Kuliandika je? Sikuwahi kuambiwa kama kuandika kunaruhusiwa, na sikuwa na wa kumuuliza, maana wazee wangu walizikwa bila kuona kompyuta. Nikaona salama ni kuandika ninachojivunia. Nikaandika kwa kidole changu, taratibu: Baba Yake Mjukuu Wangu wa Kwanza. Nikafika kwenye kisanduku cha kijiji. Anaishi Chiwata, nalijua hilo kama ninavyojua njia ya kwake. Lakini nilikuwa nimemwandika kwa mjukuu, na mjukuu ni wa ukoo wa mama yake, na mama yake ni wangu, na miye ni wa Newala. Mtoto wa kwetu hawezi kuwa wa Chiwata hata kama amezaliwa huko, anakula huko, na hajawahi kulala Newala zaidi ya sikukuu. Nikaandika Newala. Nikajisikia nimefanya jambo la haki kwa ukoo mzima, nikaenda kupika chai.

Haukupita muda mrefu, tajiri akaleta programu mpya. Alisema ya zamani imeshachoka, na hii ni toleo jipya, itaunganisha karakana ya Masasi na tawi letu la Newala, ambalo lilikuwa chumba kimoja chenye karani, simu na stoo. Kuiweka alikuja binti kutoka Dar es Salaam. Alivaa suruali, lakini alipiga goti kidogo aliponiamkia, nikamsamehe suruali. Akakaa na mashine yetu tangu asubuhi, akahamisha kumbukumbu zote, na mpaka jioni kila nilichowahi kuandika kilikuwa kimeingia humo salama, pamoja na kikohozi cha mwalimu.

Kesho yake akaniita kwa sababu ya ukurasa wa kutafutia. Akanionyesha. Ulikuwa mtupu kama uwanja uliofagiwa. Akaeleza kwamba toleo jipya haliji na kisanduku kimoja, bali tunachagua wenyewe vile tunavyotaka: jina, nambari ya kazi, kijiji, aina ya mashine, tarehe ya kupokelewa, mashine iko wapi. Unachagua pia kipi ni cha lazima, na hicho kinawekewa kinyota chekundu. Kisipojazwa, programu haitafuti. Halafu unaamua kama itafute hata sehemu ya neno, au jina zima kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Akasema yeye hajui kazi za hapa, mwenye kujua ni mimi, kwa hiyo nimwelekeze.

Tajiri alikuwa amesimama pale. Mafundi walikuwa wanakunywa chai. Wateja walikuwa barazani. Ungekuwa wewe ungenyamaza?

Nilijinyoosha kanga. Nikasema nambari za nini, mtu hazaliwi na nambari, na huo mkaratasi wenye nambari watu wanasokotea tumbaku. Ondoa nambari. Aina ya mashine ya nini, zote ni za salfa. Ondoa. Tarehe ondoa. Iko wapi ondoa, ipo hapa hapa, itakwenda wapi? Tuache jina na kijiji. Huku ukimjua mtu jina na kwao umemmaliza. Na vyote viwili viwe na kinyota, maana nilivipenda vile vinyota, vilinikumbusha mabega ya polisi.

Binti akauliza kwa upole kuhusu sehemu ya neno. Nikakumbuka nilivyokuwa nachoshwa na ile ya zamani, ukitafuta mmoja inakuletea msafara. Nikamwambia sitaki msafara. Nikimwita mtu mmoja aje huyo mmoja, kama alivyoandikwa.

Akanitazama, akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba mjukuu wangu anasoma na ananiuliza mimi hesabu. Hilo halikuwa jibu la swali lake, na hesabu zenyewe nilikuwa namwambia akamuulize mwalimu. Lakini binti akafanya kama nilivyosema. Tajiri akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema umeona faida ya kuwauliza watumiaji. Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani. Mtumiaji. Nikamwambia jirani yangu kwamba sasa miye ni mtumiaji, akanipa pole.

Siku mbili tatu mambo yalikwenda, kwa sababu waliokuja walikuwa watu niliowaandika baada ya mabadiliko, na nilivyowaandika nilikuwa bado nakumbuka. Mzee wa Chiwata Asiyepunguza Bei alipokuja nilibahatika kukumbuka nilivyomwandika, isipokuwa alikuwa amesimama karibu na anajua kusoma. Alitazama kioo, akanitazama, akachukua mashine yake na siku hiyo hakuagiza chai.

Halafu akaja binti yangu, mapema, miguu ina vumbi. Mikorosho ya Chiwata imeanza kutoa maua, akasema, na ubwiriunga umeonekana kwa jirani. Salfa wanayo ndani, mifuko imepangwa. Mashine za kuazima hakuna, kila mtu yuko shambani na ya kwake. Wanaitaka mashine yao leo, ili kesho alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani wapulizie. Zile korosho ndizo nyumba ile inazokula mwaka mzima, na ndizo zinazomsomesha mjukuu wangu. Binti hakuhitaji kunikumbusha, lakini alinikumbusha. Mumewe alikuwa ng'ambo ya barabara, amechuchumaa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, ametazama upande mwingine kwa heshima.

Nikamwambia binti akae, mashine ilishapona zamani, ni kuitoa tu.

Nikaandika Baba Mjukuu, Chiwata. Programu ikasema hakuna. Nikaandika Baba wa Mjukuu, Chiwata. Hakuna. Baba wa Mjukuu Wangu. Hakuna. Mkwe. Mkwe Wangu. Mume wa Binti. Hakuna, hakuna, hakuna. Nikaacha kisanduku cha jina wazi niandike Chiwata peke yake, kile kinyota changu kizuri kikawaka na kunikatalia. Niliweka askari mlangoni mwenyewe, sasa askari hanijui.

“Mama,” binti akaniita, “baba mtoto anauliza kama ipo.”

“Mwambie ipo.”

“Ipo wapi?”

“Ipo.”

Akavuka barabara kupeleka hilo, akarudi. Nikaenda stoo. Niliona nitaitambua kwa macho, kwa nini nihangaike na kioo. Mle ndani mashine zilipangwa ukuta hadi ukuta, zote rangi moja, zote zinanuka petroli na salfa, kila moja imefungwa kibandiko chenye nambari. Nambari, zile nilizozifukuza. Nikaanza kuzifungua vifuniko moja moja na kuzitazama usoni kama mtu anayetafuta mtoto wake kwenye mkutano. Salfa iliyobaki ndani ikanirukia. Nilipotoka nilikuwa wa manjano kuanzia nyusi mpaka kanga, kama kifaranga, napiga chafya.

Mtani wangu akaweka kikombe chini ili acheke vizuri. Akatangaza kwa barabara nzima kwamba bibi ameificha mashine ya mkwe wake, anataka kuipeleka kwao Newala ikapulizie mikorosho ya wajomba. Watu wakacheka. Miye pia nikajidai nacheka, bila kujua kwamba yule mtu, kwa kubahatisha, ameshasema kila kitu.

Yule binti wa kompyuta alikuwa bado mjini, anamalizia kazi zake kwenye meza ya tajiri. Akaja, akaniondoa salfa mabegani kwa kitambaa chake mwenyewe, akakaa kwenye kiti changu.

“Bibi, mteja anaitwa nani?”

“Simtaji.”

“Hulikumbuki jina lake?”

“Nalikumbuka kuliko la kwangu. Simtaji, mwanangu. Ni mkwe.”

Akageuka kumtazama tajiri. Tajiri naye, mtu wa kaskazini, akafungua mikono kwamba haya hayajui. Binti yangu akajitolea kulitaja yeye, naye ana haki, ni mumewe, ingawa hata yeye alilisema chini chini akitazama dirisha. Binti wa kompyuta akaliandika. Hakuna. Bila shaka hakuna, ningewaambia. Na hapo ikabidi niwaambie, mbele ya tajiri, mafundi, na mwanamke mmoja aliyekuja kuulizia pampu, kwamba jina hilo sikuliandika kabisa. Nimemwandika kwa mjukuu. Ila sikumbuki nilimpamba mjukuu vipi.

Binti wa Dar hakucheka. Aliuma mdomo tu. Akasema basi tuubadilishe huu ukurasa. Akaingia mahali, akabofya, akaruhusu itafute sehemu ya neno. Akaandika mjukuu. Kijiji akaweka Chiwata. Hakuna.

Akaniuliza kama tukiondoe kisanduku cha kijiji. Nikamkatalia. Nilikuwa nimeshindwa yote, nikang'ang'ania moja lililobaki. Nikasema kijiji usikiguse, kijiji hakina ubishi, mtu anaishi Chiwata, mikorosho iko Chiwata, na mkewe ndiye huyu amesimama hapa na vumbi la Chiwata miguuni.

Akakiondoa hata hivyo. Adabu yake ilikuwa na mwisho, na ndiyo maana naiheshimu. Akarudisha na vile visanduku vyote nilivyovifukuza, nambari, aina, tarehe, iko wapi. Vinyota akavifuta vyote. Akabonyeza.

Ikaja mistari kadhaa, maana wajukuu nilikuwa nimewaingiza hata pasipohusika. Akawa anaisoma kwa sauti, ili nichague. Babu wa Rafiki ya Mjukuu Wangu. Mwalimu Aliyemsifu Mjukuu Wangu. Mwalimu Aliyemwonea Mjukuu Wangu. Kila anaposoma mmoja, mtani wangu anarudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa faida ya waliokuwa barabarani. Halafu akafika.

“Baba Yake Mjukuu Wangu wa Kwanza,” akasoma. “Mashine ya salfa. Imetengenezwa. Kijiji, Newala. Iko wapi, Newala.”

Tajiri akakumbuka. Gari la karakana lilikuwa limepandisha mashine zote zilizopona za watu wa juu, wakachukulie huko huko kwenye tawi. Mafundi walipakia kufuata kompyuta. Kompyuta ilinifuata mimi. Nami nilifuata ukoo.

Binti yangu alinitazama. Alikuwa na haki ya kusema mengi. Alisema moja tu.

“Mama, mtoto ni wa Newala, sawa. Mashine nayo ni ya ukoo?”



Tajiri akapiga simu tawini. Karani wa kule alikuwa mtu wa makamo, mcha Mungu, hana haraka. Akataka kuambiwa na mapokezi mashine ni ya nani, kwa hiyo nikapewa simu, nami nikalazimika kuyasema maneno yangu kwenye ile simu mbovu ambayo lazima upaaze sauti. Baba yake mjukuu wangu wa kwanza. Akaniuliza tena. Nikarudia. Akasema kwa utulivu kwamba bibi, sisi akina baba wote tuliooa ni baba wa wajukuu wa mtu, nipe nambari. Nikamsomea nambari kwenye kioo, ile ile nambari ambayo mtu hazaliwi nayo. Akaenda stoo, akarudi kabla sijamaliza kupumua. Ipo. Ameiona. Imewekwa mbele kabisa, alikuwa anashangaa mbona mwenyewe haji.

Gari la karakana lilikuwa linashuka mchana huo. Tajiri akaamuru ipakiwe. Miye nikakaa kwenye baraza, si kwenye kiti, nikitazama njia inayotoka mlimani, na ng'ambo ya barabara mkwe wangu amechuchumaa akitazama njia hiyo hiyo. Hatukuangaliana. Nadhani tulikuwa hatujawahi kuwa karibu hivyo. Nilimtumia ming'oko na chai kwa mkono wa mtani, naye akarudisha kikombe kimeoshwa, nikaona hata maji aliyaomba kwa mwenye duka. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyempotezea mashine.

Ilifika jua likiwa limeelekea kushuka. Fundi akaiwasha pale pale, ikanguruma bila kusita. Mkwe akaitia mgongoni kama mtoto, akaniinamia kwa mbali akitazama chini, akaondoka na mkewe. Alfajiri walipulizia. Safu ya upande wa jirani ilikuwa imeshapauka, na maua yake yakaanguka yote. Ile ilikuwa hasara, na sitasema haikuwa. Safu nyingine zilishika. Mwaka ule walikula, na mtoto akaendelea na shule, na alipopata namba nzuri darasani nilimtaka mwalimu aniandikie pembeni kwamba ni ya Newala. Alikataa.

Pale karakana hawakunifukuza. Tajiri aliweka utaratibu mmoja: akija mtu ambaye miye siwezi kumtaja, naondoka kwenye kiti, na mtani wangu anakaa kuandika. Alifurahia sana. Aliandika majina kamili ya kadi, kwa vidole viwili, akiwa amenivalia miwani yangu, na kila akimaliza ananiuliza kama mteja huyu tumpeleke Newala.

Na mkwe wangu, msimu uliofuata, alikuja tena na mashine, safari hii ni kamba ya kuwashia iliyokatika. Hakutuma mtu kuuliza kama atapewa kikaratasi. Alikingoja. Mashine ilipopona akaja na kile kikaratasi, amekifunga kwenye nailoni, akakiweka juu ya kaunta, akarudi nyuma mpaka barazani, akachuchumaa. Miye nikasogea, nikakichukua, nikaandika nambari kwenye kisanduku cha nambari kwa kidole changu kimoja. Mashine ikaonekana kabla hajakaa sawasawa. Kijiji, Chiwata. Iko wapi, Masasi, stoo, rafu ya chini.

Nilimtuma mtani aitoe. Halafu, kwa kuwa nilibaki peke yangu na kile kioo, nilisogeza kidole mpaka kwenye kisanduku cha kijiji. Nilikitazama sana. Nikaiacha Chiwata ilivyo, nikakirudisha kidole kwenye birika.